Kinu cha Upepo Kilichotekwa na Mtani

Nilipomaliza chuo kikuu nilikuwa na hakika kwamba taifa lilikuwa limekaa likinisubiri. Lilinipokea Mbeya, katika ofisi ya elimu ya watu wazima, kwenye meza ambayo mguu wake mmoja ulikuwa rundo la matofali. Nilikuwa nimesoma historia na fasihi. Niliweza kuzungumza juu ya njia kuu za uzalishaji mali tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana bila kukohoa, lakini kwa mikono yangu sikuwa nimewahi kutengeneza kitu chochote isipokuwa mapazia ya jukwaa ya kikundi chetu cha maigizo chuoni. Kosa langu lilikuwa kuyataja mapazia hayo siku ya kwanza kazini. Mkuu wangu hakuyasahau.

Ilikuwa miaka ya sabini, kuelekea mwisho wake, wakati dizeli ilipokuwa kitu cha kusikia habari zake tu. Mashine za kusaga zilikuwepo vijijini, zimepakwa rangi nzuri, zimefungiwa kwenye vibanda vyenye kufuli, zinangoja mafuta. Kina mama walikuwa wamerudi kwenye jiwe la kusagia, kama bibi zao. Ndipo mhandisi mmoja wa kujitolea kutoka Ulaya, kijana wa ndevu nyekundu aliyevaa kaptula hata kwenye baridi ya Mbeya, akaja na wazo la kinu cha upepo. Hakumaanisha zile pampu za chuma za kuvuta maji. Alitaka kinu cha kizamani, cha namna iliyosaga ngano kwao kabla bibi yake hajazaliwa: mnara mnene wa mawe, mhimili wa mbao, na mikono mirefu iliyofungwa vitambaa vya kukamata upepo. Vyote, alisema, vinapatikana hapa hapa.

Uwezo ulikuwepo wa kujenga kimoja tu, cha majaribio, na vijiji vilivyokiomba vilikuwa vitatu. Kamati ingekaa Iringa na kuchagua. Ili wajumbe waelewe wanachokichagua, ulitakiwa mfano wa mezani: kilima, kinu, ardhi na kila kitu, uone kama ndege anavyoona.

"Wewe ni mtu wa mapazia," mkuu wangu aliniambia. "Tengeneza."

Nilipewa stoo moja nyuma ya ofisi na picha ya kinu iliyokatwa kwenye kalenda ya mhandisi. Mnara niliujenga kwa mbao za masanduku ya chai. Mhimili ulikuwa kipande cha mwanzi, na mabawa niliyakata kwenye shuka langu mwenyewe, nikajikuta nalala kwenye shuka lenye madirisha. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa na kitu chenye umbo sahihi kabisa la kinu cha upepo, na ambacho kila aliyekiona alikiita sanduku la chai.

Sikuelewa tatizo. Vipimo vilikuwa sawasawa na vya mchoro wa mhandisi. Nilikaa nikaitazama ile picha ya kalenda mpaka nikaacha kuona kinu, nikaanza kuona madoa. Chini ya dirisha palikuwa na mstari mweusi ambapo mvua ilikuwa imeteremka miaka na miaka. Mlango ulikuwa umekolea weusi mahali pamoja tu, pale mikono ya watu inaposukuma. Upande mmoja wa mnara ulikuwa na kuvu, upande wa pili mkavu, nawe ungejua upepo wa mvua unatokea wapi bila kuambiwa na mtu.

Basi nikaanza kuuvalisha mnara wangu ngozi. Nilipika gundi ya unga wa muhogo, nikaupaka, nikaunyunyizia mchanga, nikachora mawe kwa ncha ya msumari. Nilitumia majivu, masizi, maji ya chai iliyochacha, makapi ya kahawa. Kwa kuvu nilisaga majani makavu. Asubuhi moja nilifungua stoo, mwanga ukaingia kwa ubavu, nikasimama mlangoni nimeshika kitasa. Lile sanduku halikuwepo. Palikuwa na mnara wa mawe, mzee kuliko mimi, kuliko ofisi, kuliko serikali yenyewe, umesimama juu ya kilima cha kijani cha unga wa mbao. Nilijua kila kijiko cha masizi kilichokaa pale, na bado niliogopa kidogo kuusogelea. Nilipoyapuliza mabawa, yakageuka. Nikapuliza tena. Nilipuliza mpaka nikashikwa na kizunguzungu, nikakaa chini kwenye vumbi, mhitimu wa chuo kikuu, nikicheka peke yangu.

Siku ya safari ya Iringa tuliufunga mfano kwa mablanketi nyuma ya Landrova. Dereva alikuwa Mnyakyusa mtu mzima, mwenye maoni juu ya kila kitu. Tulipofika usawa wa bonde la Usangu nilimwomba tuchepuke kidogo.

"Kufanya nini?"

"Kimoja cha vile vijiji vitatu kiko huko. Nataka kuuona mfano ukigeuzwa na upepo wa kweli."

"Yaani unataka kusifiwa," alisema, akakata kona.

Alikuwa sahihi.

Kijiji chenyewe kilikuwa cha wafugaji na wakulima waliohamia kutoka kaskazini, Wasukuma wengi wao, walioteremka na ng'ombe zao miaka michache nyuma wakifuata majani. Ilikuwa kiangazi. Nchi ilikuwa tambarare mpaka macho yanachoka, nyeupe kwa vumbi, na upepo ulikuwa unavuma tangu asubuhi kama mtu mwenye kazi maalumu. Kina mama walikuwa kwenye mawe yao ya kusagia, wamepiga magoti kivulini. Aliyeinuka kutupokea alikuwa mwenyekiti wa kina mama hao, mama mpana wa mwili, ambaye bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto.

"Mwangaluka," alitusalimia kwa Kisukuma. Kisha kwangu: "Na wewe ndugu, mtu wa wapi?"

"Iringa, mama. Mhehe."

Akageuka nyuma akapaza sauti. "Jamani, fungeni mbwa! Amekuja Mhehe, na anaonekana hajala!"

Kicheko kikalipuka kwenye mawe yote. Wahehe na Wasukuma ni watani, na kwa mtani hakuna kukasirika, ukikasirika umeshindwa. Nikamjibu kwamba mbwa wao wamekonda mno, hawanifai hata kwa mchuzi, na kwamba nilikuwa nimedhani hapa ni zizi, kumbe wanakaa watu. Akafurahi kweli kweli. Akanishika mkono kwa mkono wake wa kushoto.

"Wa kulia haunyanyuki," alinieleza. "Bega limekufia kwenye jiwe. Tangu mashine ikose mafuta nasagia nyumba nzima, kwa zamu na wake za wanangu. Sasa nasagia kwa kushoto. Na kushoto kukifa, mtani wangu, nisagie kwa meno?"

Alilisema kwa utani, lakini wale kina mama wengine hawakucheka. Walikuwa wanaangalia mkono wake.

Tuliushusha mfano, tukauweka chini mahali pa wazi, nikayaelekeza mabawa kwenye upepo. Sikuwa nimejiandaa. Mbeya, kwa pumzi yangu, mabawa yalikuwa yanazunguka kivivu. Hapa vitambaa vilijaa mara moja, vikatoa mlio mdogo, *puf*, kama mtu aliyeshtuka, kisha vikaanza kwenda, vikaenda mpaka mikono ikawa duara moja jeupe na mwanzi ukaanza kuimba ndani ya mnara. Mzee mmoja alivua kofia, na sidhani alijua kwamba ameivua. Yule mama alichuchumaa, akasogeza uso karibu mpaka upepo wa mabawa ukamgusa shavu, akabaki hivyo kwa muda mrefu.

"Na hii," aliuliza polepole, "inasukuma jiwe?"

"Ikiwa kubwa, ndiyo."

"Peke yake? Hakuna mtu?"

"Hakuna mtu."

Ndipo akageuka kuutazama mnara wenyewe, na kilima changu, na uso wake ukabadilika.

"Haya mawe mmeyatoa wapi?"

"Nimeyachora."

"Usangu kuna mawe? Haya ya kusagia tulikuja nayo; hata la kumpiga nyoka huokoti. Na haya majani mabichi ni ya nchi gani? Na watu wako wapi? Ng'ombe wako wapi? Mtani, umetengeneza kinu cha watu waliokufa."

Nilimweleza, kwa Kiswahili changu cha ofisini, kwamba mfano haukupaswa kuwa wa kijiji chochote. Ulikuwa wa mahali popote, ili kamati isipendelee. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akafungua kanga yake ya juu, akaufunika mfano wote pamoja na kilima, akaketi mbele yake.

"Nimeuteka," alisema.

Nilidhani ni mzaha utakaokwisha. Nikamwangalia mwenyekiti wa kijiji, mwanamume mpole mwenye shati la mifuko mingi. "Ndugu Mwenyekiti, hii ni mali ya serikali."

"Ni kweli," alisema. "Lakini aliyeichukua ni mtani wako. Hilo haliko kwangu."

Dereva wangu alikuwa ameegemea Landrova, machozi yakimtoka kwa kucheka. "Lipa, bwana mkubwa! Mtani akishateka unalipa!"

Nilijua. Nimekulia katika mambo hayo. Kwetu niliwahi kuona mtani akichukua mbuzi mchana kweupe na mwenye mbuzi akacheka, kwa sababu kumnyang'anya kwa nguvu ni aibu ambayo watoto wako wataisikia. Nikauliza anataka nini.

"Utuweke humo ndani," alisema. "Sisi. Halafu nitakuachia."

Hivyo ndivyo kazi yangu yote ya stoo ilivyovuliwa ngozi alasiri moja. Kina mama waliusugua ule unga wa mbao wa kijani kwa viganja vya mikono mpaka ukaisha, wakamwaga vumbi lenyewe la Usangu, wakalishikisha kwa maji na mavi ya ng'ombe. Mawe yangu waliyazika chini ya udongo wa kichuguu uliokandwa vizuri, wakaupaka mnara kama wanavyopaka nyumba zao, na mama mmoja akapitisha vidole vyake kuuzunguka, mistari ya mawimbi, kutoka chini hadi juu. Nilisimama pale nikiwa na makapi ya kahawa mkononi, mtaalamu wa madoa, sina pa kuyaweka. Niliona sasa nilichokuwa nimekifanya: nilikuwa nimeupa ule mnara uzee wa watu wengine, mvua ya watu wengine.

Kisha wakaja watu wa udongo, wamepangwa mlangoni pa kinu, na baada yao nyumba. Kila mmoja alitaka yake iwepo, na kwa upande sahihi wa njia. Ugomvi mdogo ulizuka juu ya nani yuko karibu na kinu. Boma la miiba likafumwa kwa miiba ya kweli, midogo kama sindano. Na ng'ombe. Hapo nilijaribu kuingilia kati, kwa sababu waliokuwa wanafinyanga ng'ombe wa udongo walikuwa hawazingatii vipimo hata kidogo. Nilieleza kwamba mtu katika mfano huu ana urefu wa kucha, kwa hiyo ng'ombe hawezi kuwa mkubwa kuliko nyumba.

"Huyu," alisema mzee aliyevua kofia, akiniwekea mbele dume lenye nundu na pembe pana, "ni mkubwa."

"Lakini babu, anaweza kuila hiyo nyumba."

"Wewe hujamwona."

Walimweka. Waliwaweka wengine wengi. Upepo uliendelea kuvuma na udongo ukakauka tukiutazama, ukageuka kutoka mweusi hadi kijivu hadi ile rangi nyeupe ya nchi yenyewe, na mara sikuweza tena kusema ubao wangu unaishia wapi na Usangu inaanzia wapi. Nilichuchumaa alipokuwa amechuchumaa yule mama. Nikaona kijiji kikiwa mara mbili, kikubwa na kidogo, na katikati ya kidogo kulikuwa na kitu ambacho kikubwa hakikuwa nacho. Sijawahi, kabla wala baadaye, kuona ombi lililoandikwa vizuri zaidi.

Tuliondoka asubuhi iliyofuata, na mama yule alikuwa ameshakaa nyuma ya gari, ubavuni mwa mfano.

"Mama, umesema ukilipwa unauachia."

"Nimeuachia. Nausindikiza tu."

Kamati ilikaa kwenye ukumbi mmoja Iringa mjini, ule upande ambapo mji unaning'inia ukingoni na bonde lote liko chini yako. Wajumbe walivaa suti za Kaunda, wakauzunguka mfano mikono nyuma. Mjumbe mmoja, mtu wa kijiji kingine kati ya vile vitatu, hakuchelewa.

"Ndugu Mwenyekiti, tuliambiwa tutaletewa mfano. Huu si mfano. Hii ni kampeni."

Alikuwa na haki. Mkuu wangu, aliyekuwa ametangulia Iringa, aliniangalia kwa macho yaliyonikumbusha mapazia. Nilisimama kueleza, nikiwa nimepanga maneno mazuri juu ya ushirikishwaji wa umma, na kilichotoka mdomoni kilikuwa: "Nilitekwa."

"Na nani?"

"Na mtani."

Wahehe waliokuwemo ukumbini walipiga meza kwa kucheka. Mwenyekiti wa kamati, mzee mkavu asiyecheka, aliliinamia lile dume la udongo. "Mbona ng'ombe wamezidi nyumba?"

Yule mama alikuwa ameketi ukutani, hakuna aliyemkaribisha wala aliyethubutu kumtoa. Akasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, huyo tumempunguza ili atoshe."

Hata yule mzee mkavu midomo ilimcheza. Lakini yule mjumbe hakuridhika, akasema kicheko hakisagi mahindi, na kwamba kijiji chao kina upepo kuliko hata Usangu. Hapo mwenyekiti akaamuru madirisha yafunguliwe, yote, ya upande wa bonde.

Upepo wa Iringa haubishi hodi. Uliingia ukachukua karatasi, ukachukua kofia, ukafika kwenye mfano. Mabawa yalijaa. Mwanzi ukaanza kuimba. Na ule udongo, uliokuwa umepasukapasuka njiani, ukaanza kutoa vumbi: jeupe, laini, likainuka juu ya vinyumba na boma na ng'ombe kama linavyoinuka Usangu kila siku ya kiangazi, likasambaa mezani, likatua kwenye mabega ya suti. Wajumbe walikohoa, kisha wakaacha kukohoa. Ndani ya lile vumbi kinu kilikuwa kinazunguka, na watu wa urefu wa kucha walikuwa wamesimama mlangoni pake wanangoja. Niliangalia nyuso mezani. Walikuwa na sura ileile ya yule mzee aliyevua kofia.

"Mama," mwenyekiti aliuliza, kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia kabla, "upepo huu kwenu unakuja lini?"

"Mahindi yakishavunwa ndipo unaanza. Hauachi mpaka mvua."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka tuliokuwepo. Wenyeji wanasema hata kabla yetu."

Akamgeukia yule mjumbe, akamuuliza swali lilelile. Mjumbe alifikiri, akajibu kwa uaminifu ambao mpaka leo namheshimu: kwao upepo ulikuwa wa milimani, wa masika zaidi, unakuja kwa hasira kisha unapotea. Mhandisi wa ndevu nyekundu, ambaye naye alikuwepo, alipitisha kidole kwenye ile mistari ya mawimbi ya mnara na kuuliza kama udongo huu wa kichuguu unahimili mvua. Mama akamwambia nyumba yake imesimama kwao tangu walipofika. Basi mawe hayahitajiki, alisema mhandisi. Kamati ikapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mkono wa yule mama nao ulinyooka, wa kushoto, ingawa hakuwa mjumbe, na hakuna aliyeuhesabu wala aliyeukemea.

Kinu kilijengwa kwao kiangazi kilichofuata. Nilialikwa siku ya kusaga mara ya kwanza, nikaenda na yule dereva, ambaye safari hii hakuuliza kwa nini. Tulikiona tukiwa mbali bado, kwa sababu Usangu hakuna cha kukuzibia: mnara wa rangi ya ardhi, na juu yake mikono mirefu yenye vitambaa vya marekani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, bila haraka. Dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa.

Ndani ya mnara palitetemeka. Mhimili, ambao nilikuwa nimeujua ukiwa mwanzi, ulikuwa sasa gogo zima la mti, na ulikuwa unazunguka juu ya kichwa changu kwa mlio mzito ambao niliusikia kifuani kabla ya masikioni. Jiwe lilizunguka juu ya jiwe. Hakuna mtu aliyekuwa amelishika. Unga ulitoka ukingoni kama moshi, ukaanguka kwenye ungo, nilipouweka mkononi ulikuwa na joto.

Nilimtafuta yule mama kati ya wanawake waliokuwa wanapokezana kumimina mahindi, sikumwona. Nilimkuta nje. Alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha mbele, mgongo ameuegemeza kwenye mnara, mikono yote miwili imelala mapajani, wazi. Hakuwa anasuka kitu, hakuwa anachambua kitu, hakuwa na mtoto. Kila mtikisiko wa jiwe ulipita ukutani ukamfikia mgongoni, nami niliona kichwa chake kikitikisika kidogo sana pamoja nao. Macho yake yalikuwa yanafuata mabawa, juu, chini, juu.

Nilisimama mbele yake, nikitafuta neno la utani la kumsalimia.

"Mtani," alisema bila kunitazama, "sogea. Unanizibia upepo."